Nondo Nyuma ya Mlango

Shokapu ya mbele ya pikipiki haianzi kuvuja kwa fujo. Kwanza unaona duara jembamba la unyevu kwenye bomba linalong'aa, pale linapoingia kwenye ganda la chini. Ukilifuta kwa kitambaa, kesho yake limerudi. Baada ya wiki chache vumbi limeshashika, duara limekuwa jeusi, na oili imeanza kuteremka upande wa ndani, kuelekea kwenye gurudumu. Kwenye pikipiki yenye breki ya diski, safari iliyobaki ni fupi. Oili ikifika kwenye diski, unabana breki na pikipiki inaendelea kwenda.

Hayo niliyajua kwa kusoma. Mimi si fundi. Ninatunza maabara ya shule ya sekondari hapa Mbeya: naosha vyombo vya kioo, napima tindikali, naandika kilichovunjika na aliyekivunja. Pikipiki nilijifunza kwa kijitabu kilichotafsiriwa vibaya, kwa video za kwenye simu, na kwa kuifungua na kuifunga ya kwangu nyuma ya nyumba, mtaa wa Soweto, mpaka nikaacha kubakiza nati mkononi. Nimevuka miaka arobaini na mitano nikifuata utaratibu uleule: nasoma, naandika orodha, ndipo naligusa jambo.

Baba yangu aliishi kijijini, kwenye milima ya Kilolo, upande wa Iringa. Alikuwa bwana shamba kwa zaidi ya miaka thelathini, na miaka hiyo yote aliitumia juu ya pikipiki ya serikali, akitoka kijiji hadi kijiji kuwafundisha watu nafasi ya kuacha kati ya mche na mche. Alipostaafu alinunua yake. Kisha nyonga ya kulia iliharibika. Akawa hawezi kutoka mlangoni hadi bandani bila kusimama njiani kupumzika, lakini akishasaidiwa kupitisha mguu juu ya kiti, aliendesha kama zamani. Alikuwa mzee wa kanisa. Kanisa liko vilima viwili kutoka nyumbani, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuwazungukia wagonjwa wa mtaa ule majumbani mwao. Aliwasomea, aliwaombea, akarudi na habari zao kwa mwinjilisti. Bila pikipiki asingemfikia hata mmoja.

Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, ndiye aliyekaa naye tangu ndoa yake ilipovunjika. Alinipigia simu mwezi wa Aprili, mchana, nikiwa napanga chupa kabatini.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Vipi huko?"

"Baba kaanguka tena."

Ilikuwa mara ya pili tangu Krismasi.

"Kaumia?"

"Kiwiko na goti, kachubuka. Anasema utelezi. Si utelezi, kaka. Nimeishika ile sahani ya breki, mkono umetoka na oili. Pale darajani pale. Angesogea hatua mbili tu, tungekuwa tunaongea mengine."

"Ni sili za shokapu hizo, ile mipira ya kuzuia oili. Nitakuja nizibadilishe."

"Ndicho nilichokupigia. Usizibadilishe."

"Breki haishiki, wewe. Itamuua."

"Na ikishika? Si ndiyo atakwenda mbali zaidi? Macho hayaoni, mguu haufiki chini akisimama. Wewe uko Mbeya, unasikia kwa simu. Mimi nimemwokota mara mbili. Ya tatu nitaokota nini?"

"Basi mwambie aache."

"Nimwambie mimi? Mwambie wewe, mkubwa."

Sikumwambia. Jioni ileile baba mwenyewe alipiga, sauti yake ya kikazi kabisa, kama anayeagiza mbolea.

"Dada yako amekwambia?"

"Ameniambia, baba. Pole."

"Pole si spana. Njoo na vyombo kamili. Hawa wa kijiweni wana bisibisi moja na nyundo, basi, wote ni mafundi."

Nikaanza orodha.

Gurudumu na kikamata breki vinatoka kwa spana za kawaida, havihitaji mawazo. Mawazo yanaanza chini kabisa ya mguu wa shokapu, ambako kuna bolti imezama ndani ya tundu na inafunguliwa kwa spana ya L tu. Hapo nilikataa zile zinazouzwa kwa seti barabarani. Chuma chake ni laini. Ukitia nguvu inajipinda, na kichwa cha bolti kikishalika umebaki na tatizo kubwa kuliko ulilokuja nalo. Nilitafuta moja, ndefu, ya chuma kigumu, nikaijaribu kwa tupa pale pale dukani kabla ya kutoa pesa.

Kung'oa sili ya zamani watu wengi hutumia bisibisi bapa. Inang'oa, lakini ncha yake inakwaruza ganda, na sili mpya ikikaa juu ya mkwaruzo itavuja kabla ya mwezi kwisha. Nilichagua wenzo mdogo wa kutolea tairi la baiskeli, nikausugua kingo kwa msasa hadi ukawa butu, na kipande cha ngozi cha kuweka chini yake. Cha kushindilia sili mpya kilikuwa kipande cha bomba la maji la plastiki, nililokata mwisho wake sawasawa ili lisukume kingo zote kwa pamoja. Kuna wanaogonga kwa nyundo upande huu, kisha upande ule. Sili inaingia imepinda na macho hayaoni. Kupima oili nilichukua silinda ya maabara iliyopasuka mdomo, ambayo nilikuwa nimeshaiondoa kwenye daftari. Miguu miwili lazima ipate kiasi kimoja, la sivyo pikipiki inavuta upande. Nikaongeza nailoni ya mfuko wa mkate, ya kufunika mdomo wa bomba ili ukali wake usichane sili wakati wa kuivisha.

Sili zenyewe nilizifuata Mwanjelwa, kwa muuza vipuri mmoja ambaye babu zake walipanda huku kutoka Kilwa na biashara ya nguo. Aliniita daktari kwa sababu siku zote nilikuja na kipimo cha kipenyo mfukoni.

"Karibu daktari. Leo mgonjwa nani?"

"Pikipiki ya mzee wangu. Sili za mbele."

Akaweka jozi mbili juu ya meza. Nikatoa kipimo, nikapima ndani, nikapima nje, nikaanza kuikunja moja taratibu nikitazama mdomo wake wa ndani.

"Daktari, wenzako wanasema nipe sili, wanaondoka. Wewe unanunua au unaposa?"

"Natazama mdomo kama hauna nyufa."

"Mdomo tena! Haya tazama, ila usiibusu, bado hujatoa mahari." Wateja wawili wakacheka. Yeye akainama kwangu, sasa bila mzaha. "Cha kushikia fimbo ya ndani unacho?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la kazi yote. Ndani ya bomba kuna fimbo nyembamba iliyoshikwa na ile bolti ya chini. Ukiifungua bolti, fimbo nayo inazunguka pamoja nayo, na unaweza kuzungusha hadi jua lizame. Lazima kitu kirefu kiingie kwa juu, kiikamate fimbo isizunguke.

"Nyie hamuuzi?"

"Hakijawahi kuingia dukani humu. Mafundi wanachonga mpini wa ufagio, wanaupigilia kwa juu, unakamata. Dakika mbili."

"Mti unaacha nyuzi ndani ya oili."

"Haya bwana. Nenda kwa wachomeleaji, wakakuzalie."

Nikaenda Mbalizi, kwa mchomeleaji ninayemwamini. Nilimpa nondo yenye urefu wa mkono wangu, na bolti ambayo kichwa chake nilikuwa nimekipima kwenye pikipiki yangu, inayofanana na ya baba. Alikichomelea kichwa mwisho mmoja wa nondo, na mwisho wa pili akaweka mpini wa msalaba. Siku hiyohiyo nilikijaribu nyumbani. Kilishika mara ya kwanza, na bolti ikafunguka bila kelele. Nadhani ni kifaa bora kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza.

Siku ya kusafiri nilitandaza gunia uani, nikapanga vyombo kwa mstari nikivilinganisha na orodha, kimoja baada ya kingine, na kuviingiza kwenye boksi. Nondo ilikuwa imesimama nyuma ya mlango wa jikoni. Niliiona. Mke wangu naye aliiona.

"Na hii huichukui?"

"Haihitajiki kule."

Sikumbuki kwamba nilikuwa nimeamua jambo lolote kabla ya kusema hivyo. Sentensi ilitoka, nikaifuata. Nilifunga boksi kwa kamba, nikaenda stendi.

Nilifika Kilolo jioni, na asubuhi iliyofuata baba alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chini ya upenu, koti amelifunga vifungo vyote, fimbo yake ya kutembelea katikati ya magoti.

"Kamwene."

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Vyombo umeleta?"

"Nimeleta."

"Vyote?"

"Vyote."

Alitaka kazi, nikampa mfuniko wa sufuria ashikilie nati na bolti nitakazotoa. Kwenye kila mguu wa shokapu fundi wa kijiweni alikuwa amezungushia ukanda wa mpira wa tyubu na kuufunga kwa waya. Ndivyo wanavyofanya huku, Iringa mpaka Mbeya: uvujaji ukionekana, unavalishwa. Mwenye chombo anaona pakavu, anaondoka ameridhika. Kumbe mpira unakusanya oili pamoja na mchanga. Mchanga unakula bomba, na oili ikijaa inamwagika kwa mkupuo, hasa pikipiki ikiwa inateremka, kwa sababu ndipo shokapu inapobonyea kuliko wakati wowote. Baba alianguka mara zote mbili kwenye mteremko.

Nilikata waya. Tope jeusi likachuruzika hadi kwenye majani.

"Aliniambia ni dawa," baba alisema.

"Si dawa, baba. Alikuficha tu usione."

Alilisogeza lile tope kwa ncha ya fimbo. "Baba yake nilimfundisha kulima pareto. Nimekula kwao. Ananitazama usoni hivi, ananidanganya."

Nilitoa gurudumu, nikaning'iniza kikamata breki kwa waya ili mpira wake usivutike, nikachomoa miguu yote miwili, nikamwaga oili kwenye kopo. Nikalaza mguu wa kwanza juu ya gunia, nikaingiza spana ya L, nikaanza kufungua. Bolti ikazunguka. Nikaendelea kuizungusha kwa dakika kadhaa, huku nikijua kila mzunguko ulikuwa wa bure.

"Inazunguka yote, baba. Kuna chuma cha kushikia ndani. Nimekisahau Mbeya."

"Umesahau."

"Ndiyo."

"Wewe." Hakuwa na hasira, alikuwa kama anayepima mbegu kiganjani. "Wewe uliyekuwa unahesabu vijiko mama yako akimaliza kuosha vyombo."

"Nimechoka siku hizi, baba. Mambo mengi."

"Hakuna njia nyingine?"

"Hakuna."

Njia zilikuwepo tatu, na zote nilizijua. Ningeweza kurudisha springi na kifuniko cha juu, nikaukandamiza mguu wote ili springi yenyewe iibane fimbo. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha. Ningeweza kumfuata fundi wa magari mjini Iringa, mwenye mashine ya kufungulia nati kwa mtetemo. Au ningechukua ufagio. Ufagio wenyewe uliegemea ukuta, ningeufikia bila kuinuka, na nyuzi zake chache ndani ya oili zisingemdhuru mtu.

"Nitarudi baada ya wiki mbili," nikasema.

"Wiki mbili," akarudia, akanipa ule mfuniko na nati zake. Niliziweka kwenye kopo, nikaandika juu yake kwa kalamu nzito ni za wapi. Pikipiki tuliiacha juu ya gogo, mbele haina kitu, imefunikwa turubai. Mchana ule dada alichinja kuku. Alinipakulia paja na firigisi, na hakunitazama machoni, wala mimi sikumtazama.

Sikurudi baada ya wiki mbili. Kulikuwa na mitihani ya vitendo, na ni kweli kwamba nilikuwa na kazi, lakini si kweli kwamba nilikosa Jumamosi moja. Baba alipiga kila Jumapili mchana, saa ambayo zamani angekuwa ndiyo anatoka kanisani.

"Kile chuma?"

"Bado, baba. Mchomeleaji ana foleni."

"Bado kile chuma?"

"Umeme unakatika sana huku, baba."

Kutoka pale niliposimama kujibu simu, jikoni, ningeweza kukigusa kwa mguu. Nilijiambia kwamba ninanunua muda, kwamba kila Jumapili anayopiga ni Jumapili ambayo yuko hai. Hesabu hiyo nilipoirudia haikuwa na kosa, na ndiyo maana niliishikilia kwa muda mrefu. Juni ikapita, Julai ikapita na baridi yake. Kisha Jumapili moja hakupiga, wala iliyofuata. Aliyepiga alikuwa dada.

"Kaka, baba haulizi tena."

"Anaumwa?"

"Haumwi popote. Namtoa nje asubuhi, namkuta pale pale mchana. Redio haiwashi. Mwinjilisti alikuja, akamuuliza habari za wagonjwa, baba akasema waulizwe wanaotembea." Nilimsikia akivuta pumzi. "Njoo na hicho chuma."

"Wewe ndiye uliyeniambia nisitengeneze."

"Nilikwambia. Sasa nakwambia hivi. Njoo."

Nilikwenda Ijumaa ya wiki ileile, Agosti. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya vilima tangu Mafinga, na kijijini, Jumamosi, haukuinuka hata saa nne asubuhi. Baba alikuwa kwenye kiti ndani ya mlango, blanketi magotini. Mwili ulikuwa umempungua hadi kola ya shati ikasimama mbali na shingo. Nilimsalimu, akaitikia. Hakuuliza kuhusu vyombo.

Kazi niliifanya mbele yake, mita nne kutoka alipokaa. Nondo ilishika. Bolti ya kwanza ilifunguka, ya pili ikafunguka. Ganda nililisafisha kwa petroli na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Mchanga ulikuwa umechora mistari miwili kwenye bomba la kushoto. Niliisugua kwa msasa laini kabisa uliolowa oili, kuzunguka bomba, hadi ukucha haukukwama tena. Kwa ile baridi sili zilikuwa ngumu, kwa hiyo nilimwomba dada maji ya moto nikaziacha humo dakika kumi. Nailoni, sili, bomba la plastiki, zikaingia sawasawa. Nilipima oili mara mbili, nikafuta diski kwa petroli na kuweka pedi mpya za breki. Yote yalikwisha kabla ya chakula cha mchana, na nilipobonyeza usukani shokapu zilishuka na kupanda bila sauti.

Nikanawa, nikaenda kuchuchumaa mbele ya kiti chake.

"Baba. Kile chuma sikukisahau."

"Kilikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nyuma ya mlango."

"Ulishakitengeneza."

"Nilishakitengeneza kabla sijaja."

Alitazama nje, kwenye pikipiki. "Mlikaa lini mkaamua?"

"Tuliongea kwa simu tu. Tuliogopa utaanguka."

"Kwa simu." Alivuta blanketi. "Mimi nilipotaka kuuza ng'ombe, ng'ombe tu, niliwaita nyote hapa ndani. Wewe ulitoka Mbeya. Huyu alikuwa bado darasa la sita, akaulizwa na yeye. Mimi ng'ombe walinishinda kitu gani?"

Dada alikuwa mlangoni na sahani mkononi. Kwetu kikao ndicho kilikuwa sheria. Hakuna kilichouzwa wala kujengwa kabla watu hawajakaa na kila mmoja akasema. Sisi tulikuwa tumekaa bila yeye, na jambo lenyewe lilikuwa yeye. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa kwamba nimesema uongo. Hilo hakuligusa kabisa.

"Kesho utaniendesha kanisani," akasema. "Mimi nitakaa nyuma."

Asubuhi tulimvisha suti na viatu vyake vyeusi. Kumpandisha ilichukua watu wawili na kigoda. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba shokapu za nyuma hazikubonyea, na mikono yake kiunoni kwangu ilishika kwa adabu, kama ya abiria mgeni. Kwenye kila mteremko nilibana breki mapema, pikipiki ikatulia palepale nilipotaka. Darajani nilipita taratibu sana.

Ndani ya kanisa alielekea mbele kwa fimbo yake, kwenye benchi la wazee, na nusu ya njia akasimama. Wazee walikuwa sita kama siku zote. Nafasi yake, ya mwisho upande wa dirisha, ilikuwa na mtu: mkulima wa makamo kutoka kilima cha pili, mwenye koti jipya, ambaye alipomwona baba alianza kuinuka. Baba alimwashiria kwa kiganja akae. Akageuka, tukakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na wanawake wenye watoto wachanga.

Kabla ya mahubiri mwinjilisti alisoma majina ya wagonjwa waliolala majumbani, wa kuombewa. Jina la baba lilikuwa la tatu. Nadhani karatasi ilikuwa ya wiki iliyotangulia, na hakuna aliyemwambia kwamba mwenye jina amekuja. Watu waliinamisha vichwa wakaliombea jina lile, na baba naye aliinamisha chake. Kila mtu alipoombwa aseme amina, naye alisema.

Ibada ilipokwisha nilimshika mkono tutoke haraka, lakini alinizuia. Alimsubiri yule mkulima nje, kwenye ngazi.

"Hongera ya uzee, bwana."

"Mzee wangu, mimi sikuomba. Walisema ni kwa muda, mpaka upone."

"Unajua kuendesha?"

"Naendesha, mzee."

"Wagonjwa wangapi sasa?"

"Tisa. Wawili wako kule ng'ambo, sijawafikia. Kwa miguu ni siku nzima."

Baba alinyoosha mkono kwangu bila kunitazama, nikampa ufunguo. Yeye akauweka kwenye kiganja cha yule mtu na kukikunja kiganja juu yake.

"Shokapu mpya, breki mpya," akasema. "Kijana wangu ameitengeneza. Anaijua kazi."

"Mzee, chombo chako hiki! Na wewe utarudi na nini?"

"Na wewe. Nirudishe nyumbani, halafu uende nacho."

Tulimpandisha tena, sasa mimi na mzee mmoja wa kanisa. Pikipiki ilikuwa na nafasi ya wawili. Niliwatazama wakishuka kwenye ukungu, koti jipya mbele na suti kuukuu nyuma, na nilisikia injini ikipunguzwa kwenye mteremko wa kwanza, kisha wa pili. Mimi nilitembea. Saa moja na nusu kwa mtu mwenye miguu mizima, juu na chini, kwenye udongo mwekundu uliolowa, na alama ya tairi ilikuwa mbele yangu njia nzima, imenyooka, haikuyumba popote.

Nilipofika pikipiki ilikuwa imeshaondoka. Baba alikuwa kwenye kiti chake ndani ya mlango, suti hajavua. Dada alikuwa amepiga magoti mbele yake anamfungua kamba za viatu.

"Yule bwana kasemaje?" nilimuuliza baba, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kusema.

"Kauliza aanzie kwa mgonjwa gani." Alinyanyua mguu mmoja ili kiatu kitoke. "Nimemwambia aanzie hapa."